Ukiuza kwa Serikali, Tunza Hati Zako

Mfanyabiashara mdogo wa Katesh anayepeleka maharage katika shule ya bweni ya Serikali huweza kungoja malipo kwa miezi, ilhali mkopo wake unadaiwa. Madeni ya wazabuni huhakikiwa kabla ya kulipwa, na deni lisilo na nyaraka huweza kukataliwa. Kwa hiyo tunashauri: usipeleke bidhaa kwa agizo la mdomo. Pata kwanza agizo la maandishi. Unapokabidhi mali, hakikisha hati ya mapokezi ina saini, tarehe na muhuri. Wasilisha ankara mapema, ubaki na nakala. Malipo yakichelewa, mwandikie Afisa Masuuli, ambaye katika halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji, na nakala yako igongwe muhuri. Mali bila daftari hupotea bila habari.