Kabla ya Kapu Kupita Pasua

Mzazi wa Pasua anaijua vyema kadi ya mchango. Ya harusi huja na kamati, mwekahazina, kiwango na tarehe ya mwisho, na aliyeahidi hupigiwa simu mpaka atimize. Lakini shule ya Kiislamu inapotaka kujenga, aghalabu tangazo husomwa baada ya Swala ya Ijumaa kwa maneno machache: tusaidieni ujenzi. Ujenzi wa nini, na kwa kiasi gani? Muumini hutoa sarafu aliyonayo mfukoni, wala si kwa ubakhili.

Basi hesabu itangulie. Kiwango cha shule nchini ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 160 na wavulana 150 yahitaji matundu 8 na 6. Kama yaliyopo yote ni 7, basi nusu imepungua, na binti aliyebaleghe asiyepata faragha wala maji hubaki nyumbani siku zake za hedhi, masomo yakampita. Fundi akikadiria gharama ya tundu moja, pamoja na shimo na maji ya kutawadhia, ombi hubadilika sura: familia moja itabeba tundu zima, majirani wanne watashirikiana jingine. Nakiri kwamba geti lenye vigae hupendeza zaidi pichani.

Pasua iko upande wa chini wa mji wa Moshi, na shimo halichimbwi katikati ya masika, Machi hadi Mei. Kamati nyingi husubiri Ramadhani ndipo zichangishe. Ramadhani husogea takriban siku 11 kila mwaka, masika hayaifuati. Mchango na uanze mapema, ili fedha ziwepo ardhi ikikauka.

Je, tumngoje mfadhili? Mwaka 1945, ilipoasisiwa Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, Aga Khan III aliahidi kutoa pauni moja kwa kila pauni ambayo Waislamu wenyewe wangeichangisha. Hakusema atajenga yeye. Ahadi ya namna hiyo inafaa kuombwa kwa mfanyabiashara mzaliwa wa Pasua aliyeko Dar es Salaam: atoe kadiri wazazi watakavyotoa, na jumla zote mbili zibandikwe ukutani kila mwezi.

Zaka iwekwe daftari lake. Qur'ani imetaja mafungu manane ya wanaostahiki (9:60), na wanazuoni wengi hawaruhusu itumike kujengea majengo. Ada ya mwanafunzi fakiri ni jambo jingine. Hilo aulizwe shekhe kabla ya kupokea.

Limebaki jina kwenye hati ya kiwanja, jambo ambalo watu huona haya kuliuliza. Sayyidna Umar (RA) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, aliiweka kwa sharti kwamba isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Leo kiwanja kikisomeka kwa jina la mwasisi, siku akifariki warithi wake wana haki ya kukidai, matundu 14 yakiwa juu yake. Kiandikwe kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, na nakala ya hati isomwe mbele ya wazazi kabla tofali la kwanza halijanunuliwa.