Una 57 ya fizikia na unataka uzamili? Piga hesabu hii

Tuseme unasomea fizikia Chuo Kikuu cha Kabianga, hapa Kericho. Nje ni majani chai mpaka macho yachoke, na karo yako inangoja bonasi ya chai ya mama kule Mogogosiek, Bomet. Umemaliza mwaka wa tatu na wastani wako ni 57. Sasa?

Ukweli kwanza. Kwa kawaida vyuoni mwetu, 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili juu, ile tunaita sekand apa, na 50 hadi 59 ni sekand loa. Uzamili unataka apa. Ukija na loa, vyuo vingi vitakuitisha kama miaka miwili ya uzoefu wa kazi. Yaani alama tatu tu, miaka miwili ya maisha yako.

Zinapatikana? Kama kila mwaka una uzito sawa, mwaka wa nne unahitaji 69. Ni ngumu, lakini watu huzipata.

Halafu jua kwamba wastani ni mlinzi wa geti tu. Ukishapita, maprofesa husoma transkripti mstari kwa mstari. Stadi za mawasiliano hawana haja nazo. Wanatafuta mekanika ya kwantamu, sumakuumeme na hisabati. Ulianza na C ukamaliza na A ya kwantamu? Hiyo wataiona. Ulifanya sapu? Mara nyingi itaandikwa 40 hata kama ulipata 80. (Mimi naona ni uonevu, lakini ndiyo sheria.)

Kuna mlango mwingine ambao wengi huku hawaubishi. Kituo cha ICTP, alichoanzisha Abdus Salam wa Pakistan mjini Trieste, Italia, mwaka 1964, kina diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na gharama ni juu yao. Mshirika wake, EAIFR, yuko Kigali tangu 2018, kwa uzamili na uzamivu. Gredi wanaangalia, tena sana, ila barua za wahadhiri nazo zina uzito. Na mhadhiri anayekujua kwa namba ya usajili tu ataandika nini? Anayekusimamia mradi ndiye aliyekuona ukirudia vipimo mara kumi mpaka vikakubali.

Huo mradi, umeshachagua mada?