Je, Mmormoni ni Mkristo? Tofauti za imani kwa lugha nyepesi

Ukijaza fomu ya viza hapa Dubai utakuta sehemu ya dini. Mkatoliki anaandika Mkristo, Mlutheri anaandika Mkristo, na Mmormoni naye anaandika Mkristo. Kwa karani wote ni kundi moja, kazi imekwisha. Ubishi unaanza tukisharudi flati.

Mimi napanga Al Barsha na wanafunzi wenzangu watatu wa Afrika Mashariki. Mimi ni Mlutheri, mmoja ni Mkatoliki, mmoja Mwislamu, na wa nne, Mkenya, ni Mmormoni. Jamaa anataka kuoa binti wa Kilutheri kutoka Moshi, na wazee wa binti wanauliza kama huyu mkwe ni Mkristo au vipi. Katika kikundi chetu cha maombi wengine wanajibu kwamba hao ni walewale tu, wengine wanasema ni watu wa kuoa wake wengi. Majibu yote mawili yanapotosha. Basi nimekaa na jamaa jioni nyingi, nimesoma vitabu vyao na vyetu, na naomba niwaeleze nilichokipata. Simhubirii mtu hapa, naeleza tu.

Jina lao rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, Marekani, na Joseph Smith, kijana wa miaka 24. Dai lake kubwa lilikuwa hili: mitume walipokufa, kanisa lilipotoka na mamlaka ya ukuhani yakaondoka duniani. Martin Luther mwaka 1517 alitaka kulirekebisha kanisa lililokuwepo. Smith yeye alisema marekebisho hayatoshi, lazima Mungu mwenyewe alirejeshe. Ukilishika hilo neno "urejesho", tofauti nyingine utazielewa kwa urahisi.

Na hao wake wengi? Kihistoria ni kweli, walioa hivyo karne ya 19. Lakini mwaka 1890 kanisa lilitangaza kuacha, na leo muumini akioa mke wa pili anatengwa.

Kwanza, Mungu. Wakatoliki, Waorthodoksi, Waanglikana, Walutheri na Wapentekoste wengi wanafuata msingi uliowekwa na Mtaguso wa Nikea mwaka 325: Mwana ni wa asili moja na Baba. Ndio Utatu Mtakatifu, Mungu mmoja katika nafsi tatu. Wamormoni nao wanasema Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, ila kwao hao ni watatu walio mbalimbali kabisa, wenye umoja wa nia na kazi. Tena wanafundisha kwamba Baba ana mwili wa nyama na mifupa, kama alivyo nao Kristo mfufuka. Kwetu Mungu Baba ni roho, hana mwili. Hapa ndipo penye mzizi wa mambo yote.

Pili, binadamu. Sisi tunafundishwa kwamba Mungu aliumba vyote pasipo kitu, na kila mtu anaanza kuwako pale anapotungwa. Wao wanasema Mungu alipanga maada iliyokuwepo tangu milele, na kwamba kila mmoja wetu aliishi kama roho kabla ya kuzaliwa, mtoto halisi wa wazazi wa mbinguni. Kwa hiyo mtoto anaweza kukua hadi afanane na Baba yake, nao wanaita hali hiyo kuinuliwa. Waorthodoksi, wakiwemo wa Ethiopia, nao wanazungumzia mwanadamu kushiriki uungu. Lakini kwao kiumbe anabaki kiumbe siku zote, wala hafiki kuwa wa aina moja na Mungu.

Tatu, maandiko. Sisi tuna Biblia. Wao wana Biblia, wakiiamini kadiri ilivyotafsiriwa kwa usahihi, na juu yake wana Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Zaidi ya hapo wanaamini rais wa kanisa lao ni nabii, na ufunuo bado unaendelea. Mlutheri aliyezoea kwamba Maandiko pekee yanatosha, hapo lazima asite.

Nne, wokovu. Wote tunasema Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi zetu. Lakini baada ya kifo, sisi tunazungumzia mbingu na jehanamu, na Mkatoliki anaongeza toharani. Mmormoni anazungumzia falme tatu za utukufu: selestia, terestria na telestia, na karibu kila mtu atapata mojawapo. Kwa waliokufa bila ubatizo, walio hai wanabatizwa kwa niaba yao hekaluni. Ndiyo sababu wanapenda sana kuandika ukoo. Jamaa yetu anajua majina ya babu zake kuliko sisi wote, na kwa Mwafrika hilo si jambo la kuchekwa.

Halafu kuna desturi. Kwa sheria yao iitwayo Neno la Hekima, ya mwaka 1833, hawanywi pombe, hawavuti sigara, na hawagusi kahawa wala majani ya chai. Mkenya bila chai ya maziwa! Mchaichai unaruhusiwa, basi ndio anaochemsha.

Kuna swali ambalo sisi Waafrika hatuwezi kuliruka. Kuanzia mwaka 1852 kanisa hilo liliwanyima watu weusi ukuhani na ibada kuu za hekalu. Zuio liliondolewa Juni 1978, wakati wa rais Spencer W. Kimball, na mwaka 2013 kanisa lilikana hadharani maelezo ya zamani yaliyotumika kulihalalisha. Usajili Kenya ulipatikana mwaka 1991, na Tanzania mwaka 1992. Makanisa yetu pia yana historia ya ubaguzi, Afrika Kusini ni shahidi. Ila kwa wenzetu zuio liliwekwa na kanisa linaloongozwa na nabii, ndiyo maana swali linakuwa zito zaidi. Nilimwuliza jamaa. Akasema manabii pia ni binadamu, na kwamba yeye amelitafakari sana kabla ya kubatizwa. Nikaheshimu.

Sasa turudi kwenye posa, maana hapo tofauti zinatoka vitabuni zinaingia nyumbani. Mkatoliki anautambua ubatizo wa Mlutheri. Ubatizo wa Kimormoni Vatican iliukataa rasmi Juni 2001, kwa kuwa majina ya Utatu ni yaleyale lakini maana yake ni nyingine. Wamormoni nao hawautambui wetu, na anayehamia kwao hubatizwa upya. Kwa hiyo asionewe mmoja, pande zote mbili zimechora mstari.

Ndoa yao ya milele hufungwa hekaluni, na wanaoingia ni waumini wenye kibali tu. Waumini wa Kenya kwa miaka mingi walisafiri hadi Johannesburg, lilikozinduliwa hekalu mwaka 1985. La Nairobi likawekwa wakfu Mei 2025. Hata Dubai hapa hekalu lilitangazwa tarehe 5 Aprili 2020. Maana yake ni kwamba binti akibaki Mlutheri, hawezi kufungishwa ndoa hiyo. Akihamia kwao, baba na mama yake watasubiri nje. Afadhali kidogo, mwaka 2019 kanisa liliondoa sharti, lililokuwepo katika baadhi ya nchi, la kusubiri mwaka mzima kati ya ndoa ya kawaida na ile ya hekaluni. Harusi inaweza kufanyika mbele ya wazee kwanza.

Basi jibu langu ni hili. Ukipima Ukristo kwa kumkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu na Mwokozi, Mmormoni yumo, na kumwita mpagani ni kumtukana bure. Ukipima kwa imani ya Nikea, hayumo, na yeye mwenyewe atakwambia haikubali imani hiyo. Mzee akiuliza swali, mpe majibu yote mawili.

Na wachumba wa namna hii, kabla ya kuhesabu ng'ombe na mbege, waulizane kwanza: mtoto atabatizwa akiwa mchanga kama Walutheri, au atasubiri afike miaka 8 kama Wamormoni? Atalelewa akiambiwa Mungu ni nani? Wakikubaliana hapo, mengine yanazungumzika.