Umri pekee hautoshi kabla ya upasuaji

MZEE wa Kijenge, jijini Arusha, anayesubiri upasuaji hupimwa damu, sukari na shinikizo la damu. Kinachoweza kusahaulika ni udhaifu wa mwili, ambao haufuati umri: wapo wa miaka 80 wanaolima migomba, na wa miaka 65 wasioweza kuinuka kitini bila kushikwa mkono.

Mwaka 2001, Linda Fried na wenzake nchini Marekani walitaja dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu, mwendo wa polepole na kutojishughulisha. Mwenye tatu au zaidi huhesabiwa dhaifu, na hatari ya kupata madhara baada ya upasuaji humwongezekea.

Hiyo si sababu ya kumnyima matibabu. Ugonjwa ukiruhusu kusubiri, huongezewa lishe na mazoezi kwanza, na ndugu huelezwa mapema hatari iliyopo.