Utanuzi wa Maana katika Usemi wa Mtoto: Kosa la Ujuzi au la Usemaji?

Mtoto wa miezi 18 anayemwita mbuzi “paka”, kisha sungura naye “paka”, huchekwa na kusahihishwa. Eve Clark (1973) alieleza kosa hilo kwa nadharia ya sifa za kisemantiki: neno huanza na sifa chache, aghalabu za umbo, na maana hupungua upana kadiri sifa zinavyoongezeka. Yaani, mtoto hajui mpaka wa neno.

Hoja hiyo ilitiliwa shaka na Thomson na Chapman (1977). Baadhi ya maneno ambayo watoto waliyatanua waliposema, hawakuyatanua waliposikiliza. Walipotajiwa neno, walichagua picha sahihi. Huenda basi mtoto analijua neno “mbuzi”, ila halimjii upesi, akaazima lililo karibu.

Katika Kiswahili upatanisho wa kisarufi hausaidii kubainisha hali hizo mbili. “Paka”, “mbuzi” na “sungura” hayana kiambishi bainifu cha ngeli, na yote huchukua a-. “Paka yule amelala” ni sahihi kisarufi hata aliyelala akiwa mbuzi. Mtafiti mwenye rekodi za usemi pekee, bila jaribio la uelewa, hana njia ya kuamua.