Makubaliano yako yamo kwenye faili la sauti, je, unajua kulifungua?

NAMANGA. Mama mmoja anayeuza vitunguu vya Mang'ola aliingia kwenye steshenari moja upande wa Tanzania, simu mkononi, nyuma yake akifuatwa na mnunuzi wake kutoka Nairobi. Walikuwa wamebishana tangu asubuhi. Neti 60 za vitunguu zilikuwa bado juu ya gari, jua linawaka, na dereva amekataa kusogea mpaka alipwe nauli yake. Kila mmoja alisema nauli ni ya mwenzake.

Hakuna karatasi waliyoandikiana. Walikubaliana kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, wiki mbili kabla. Mnunuzi alikuwa ameshafuta mazungumzo yake ili kupata nafasi kwenye simu. Simu ya mama ilinyeshewa na spika yake ikafa, hivyo ujumbe anao lakini hausikiki.

Kijana wa steshenari alichomeka waya, akanakili faili kwenye kompyuta yake ya zamani inayotumia Linux, akalibofya. Kimya. Kompyuta haikujua ilifungue kwa programu ipi. Akafungua dirisha jeusi, akaandika mstari mmoja wa maneno, akabonyeza Enter.

"Mama, sogea hapa usikie," alisema.

Ikasikika sauti ya mama mwenyewe: gari nusu kwa nusu, ushuru wa huku wa kwake. Mama alishika kichwa, akakiri kwamba alikuwa amesahau. Mnunuzi naye akanyamaza, maana hata yeye alikuwa akidai asilipe chochote. Wakatoa nusu kwa nusu, na gari likaondoka.

Wafanyabiashara wengi wadogo wa mipakani wako kama hawa wawili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Cheti hicho huonyesha bidhaa zimetoka wapi, lakini hakisemi nani analipa gari, bei ni ipi au deni litalipwa lini. Mambo hayo tunayasema kwa mdomo, siku hizi kupitia simu. Kwa hiyo ule ujumbe wa sauti ndio mkataba wako.

Kwenye simu za Android, ujumbe wa sauti wa WhatsApp huhifadhiwa katika folda iitwayo WhatsApp Voice Notes, ndani ya folda ya Media. Jina la faili huwa kama hili: PTT-20240312-WA0007.opus. Tarakimu za katikati ni tarehe, yaani mwaka 2024, mwezi wa 3, siku ya 12. Ukikumbuka siku mliyoongea, umeshajua pa kutafuta.

Neno opus mwishoni ni aina ya faili. Ni mfumo wa kubana sauti uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, nao hufanya maneno mengi yachukue nafasi ndogo. Kasoro yake ni kwamba kompyuta nyingi za zamani hazilifungui kwa kubofya.

Hapo ndipo dirisha la amri linaposaidia. Hapo hubofyi picha, unaiandikia kompyuta unachotaka. Kijana wa Namanga aliandika hivi:

ffplay -nodisp -autoexit PTT-20240312-WA0007.opus

Neno la kwanza ni programu, sehemu ya FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000 na inayopatikana bure. La pili linaiambia isifungue dirisha la picha, la tatu ijifunge sauti ikiisha. La mwisho ni jina la faili. Ikishawekwa kwenye kompyuta, haihitaji intaneti wala bando.

Programu nyingine ya bure ni mpv. Ukiandika mpv na jina la faili, inacheza. Kitufe kirefu cha nafasi husimamisha sauti, mshale wa kushoto huirudisha nyuma sekunde chache, na herufi q huifunga. Kama mwenzako anaongea harakaharaka, ongeza --speed=0.8 kabla ya jina la faili, naye atasikika polepole. Kwenye Linux, ukitaka kusikia yote ya siku moja kwa mfuatano, tumia kinyota:

mpv PTT-20240312*

Makosa mawili huwakwamisha wanaoanza. La kwanza ni kukosea herufi moja ya jina. Andika herufi chache za mwanzo kisha bonyeza Tab, kompyuta itamalizia yenyewe. La pili ni folda yenye nafasi katikati ya jina, kama hiyo WhatsApp Voice Notes. Izungushie alama za nukuu, la sivyo kompyuta itadhani ni vitu vitatu tofauti.

Lipo na jambo la sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, ile ya Uganda ya mwaka 2011 na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, zote zinaruhusu rekodi za kielektroniki kupokelewa mahakamani kwa masharti. Nchini Tanzania, mahakama hutazama rekodi ilitunzwaje na kama ni ile ile ya awali. Kwa hiyo usiikate sauti wala kuigeuza kuwa aina nyingine ya faili. Kusikiliza kwa ffplay au mpv hakubadilishi kitu ndani ya faili. Ukitaka kufanya zaidi ya kusikiliza, fanya kwenye nakala.

Mama wa vitunguu aliondoka na flashi aliyoinunua pale pale, yenye ujumbe wote wa miezi mitatu. Kabla ya kutoka alimwomba kijana amwandikie ule mstari kwenye karatasi. Ameubandika ndani ya daftari lake la madeni.