Ile sufuri haikuandikwa na mkulima



Mimi nilisoma agronomi, sikusoma enformatike. Lakini leo kazi ya shamba inapita ku ordinateri, na siku moja karibu nikosee watu wa kijiji kizima juu ya kitu kidogo sana.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza kisha licence, huku Kivu ya Kusini. Walinipa tablo ya mavuno ya maharage, nitafute wastani wa kila kijiji. Vijiji vingine vilipita kilo 250 kwa kila nyumba. Kimoja kilitoa 135. Shefu akasema: "Hicho tukitoe ku liste ya mbegu, udongo wake umechoka." Mimi nilikuwa nimefika pale, nikaona maharage mazuri. Nikafungua mistari: sufuri, sufuri, sufuri. Nikapigia enketeri telefoni. Akanijibu: "Wale walikuwa hawajavuna bado, ndugu yangu. Niliacha nafasi wazi."

Sasa nani aliandika sufuri?

Ni hifadhidata yenyewe. Mwenye kutengeneza tablo anaweza kupa kila kolone thamani ya chaguo-msingi, ile tunaita kwa Kifaransa valeur par défaut. Mstari ukiingia bila kitu ku ile kolone, mashine inaweka hiyo thamani, na haiulizi mtu.

Tuchukue nyumba nne: moja kilo 300, moja 240, mbili hazijavuna. Kama zile mbili ziko NULL, ni kusema hazijulikani, AVG inaziruka: 540 kugawa kwa 2, ni 270. Kama ziko 0, inazihesabu: 540 kugawa kwa 4, ni 135. Kijiji ni kile kile, lakini kimekuwa maskini mara mbili.

Namna ya kuchungulia ni hii. Ku PostgreSQL na MySQL unauliza:

SELECT column_name, column_default, is_nullable
FROM information_schema.columns
WHERE table_name = 'mavuno';

Mimi nilipata hivi:

kilo | 0 | YES
tarehe_kupanda | CURRENT_DATE | YES
maoni | NULL | YES

Soma kolone ya katikati. "maoni" haina chaguo-msingi yoyote. "kilo" iko na 0, njo ile ilitudanganya. Na CURRENT_DATE ikanifasiria kitu kingine: mashamba mengi yalionekana yamepandwa siku moja. Kumbe ni siku enketeri alipata rezo akatuma fishi zake!

Ku MySQL unaweza pia kuandika DESCRIBE mavuno. Na ku SQLite ni PRAGMA table_info(mavuno). Kisha uangalie dflt_value.

Mambo tatu ya kushika:

1. Chaguo-msingi inaingia kama kolone haikutajwa wakati wa kuingiza. Programu ikituma NULL yenyewe, NULL inabakia.

2. Information_schema inakuonyesha tu kolone unazoruhusiwa kuona. Usipopata kitu, uliza kwanza ruhusa yako.

3. Kuondoa chaguo-msingi (ALTER TABLE mavuno ALTER COLUMN kilo DROP DEFAULT;) hakusafishi mistari ya zamani. Zile sufuri zinabakia. Na usizigeuze zote NULL kwa mara moja, juu kuna mkulima ambaye kweli hakuvuna hata kilo moja, na sufuri yake ni ya haki.

Sisi tulirudia fishi za karatasi, moja moja, siku mbili nzima. Wastani ukapanda, kijiji kikabakia ku liste.

Basi wewe mwenye kuandika mémoire ao ripoti ya staji: mbele ya kuhesabu wastani, angalia kwanza chaguo-msingi za tablo yako. Ni mistari mitatu tu. Mkulima akinyamaza, mashine isijibu kwa nafasi yake.